Maji Yafike Mtaani Kabla ya Mafuriko

Hotuba kwa wenyeviti wa serikali za mitaa, watendaji wa kata, viongozi wa dini, wenye visima na wauza maji, Magomeni, Dar es Salaam, wiki chache kabla ya masika

Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, watendaji wetu wa kata, mashehe, mapadri na wachungaji, mama zangu na baba zangu, wenye visima, wenye maboza, na vijana wa mikokoteni mliokuja kwa wingi: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie mafuriko. Waandaaji wataniwia radhi, maana mitaro na kingo za mto nitawaachia wengine. Mimi nitazungumzia ndoo ya maji ya kunywa. Mafuriko yakija, kila mtu anaona maji mengi na kila mtu anawaza namna ya kuyatoa ndani. Mama aliyepandisha watoto watatu kitandani, maji yamefika magotini, ndiye anayejua kwamba tangu alfajiri hawajanywa kitu, na kwamba yale yanayozunguka kitanda chake yamepita chooni kwa jirani.

Nina jambo moja la kuwaambia. Maji ya dharura hayaletwi siku ya dharura. Yanatakiwa yawe yapo mtaani tayari, yameshapimwa, na pawe na mtu anayejulikana kwa jina anayeshika ufunguo wake.

Kila ninapokaa na kamati ya mtaa huuliza swali hilihili: bomba likikauka siku tano mfululizo, mtafanyaje? Jibu linakuja haraka: tutaomba maboza. Basi tufanye hesabu ya maboza, taratibu, pamoja.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mtu mmoja, katika joto letu hili, tumpe lita 3 kwa siku za kunywa na kupikia kidogo. Hapo jiji linataka lita milioni 16 kila siku. Boza kubwa tunalolizoea linabeba lita 10,000. Ni safari 1,600 kwa siku, na hapo hakuna aliyenawa mikono wala mtoto aliyeogeshwa. Wanaofanya kazi ya misaada ya dharura duniani wanakubaliana kwamba mtu akae na angalau lita 15 kwa siku, ili anywe, apike, anawe na ajisafishe. Kwa kiwango hicho jiji linataka safari 8,000 za boza kila siku.

Mtu ataniambia, maafa hayatalikumba jiji lote kwa mara moja. Sawa. Chukua kata moja ya watu 40,000, na kata za namna hiyo tunazo. Lita 15 kwa kila mtu ni lita 600,000. Ni maboza sitini, kila siku, kwa kata moja. Wenye maboza mliopo hapa mnajua kuliko mimi kwamba boza moja, ukihesabu foleni ya kujaza, foleni ya barabarani na muda wa kugawa ndoo kwa ndoo, halifanyi safari nyingi kwa siku. Na mnajua pia linajazwa wapi. Kama chanzo kinachokausha bomba langu ndicho kinachojaza boza lako, wewe na mimi tumekauka pamoja.

Halafu kuna barabara. Sisi tulio hapa Magomeni hatuhitaji kuhadithiwa. Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro inafungwa. Mabasi yanasimama, watu wanazunguka mbali, na upande huu wa bonde unatengana na upande wa Fire na Kariakoo. Ujenzi wa daraja la juu pale ni jambo jema na tunaliombea. Lakini Msimbazi una vijito, na mitaa ya bondeni ina vichochoro ambavyo hata bajaji inapita kwa shida siku ya jua kali. Kule Kigamboni mnategemea kivuko na daraja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, barabara ya kwenda Lindi ilikatika na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Mpango wa maji unaotegemea lori kupita barabarani unakufa siku ileile barabara inapokufa.

Tukumbushane maji ya jiji hili yanatoka wapi, maana wengi tunafungua bomba bila kujua. Sehemu kubwa inatoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu, kule Mlandizi, una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, una uwezo wa lita milioni 270. Maji yanachujwa, yanatiwa dawa, yanasukumwa kwa pampu kilomita nyingi hadi kwenye matangi makubwa yaliyojengwa sehemu za juu kama Kimara, ndipo yanateremka kwetu. Hiyo ni kazi kubwa na wanaoifanya wanastahili heshima. Lakini tuitazame kwa jicho la maafa: mto mmoja, mabomba makuu machache, na pampu zinazotaka umeme saa zote. Kikikatika kimoja kati ya hivyo, mamilioni wanasikia siku hiyohiyo.

Tulisikia mwaka 2022. Oktoba na Novemba mvua za vuli zilichelewa, Ruvu ikapungua, na mgao wa maji ukatangazwa. Mnakumbuka madumu yaliyopangwa barabarani, na mnakumbuka bei ya dumu moja ilivyopanda wiki hadi wiki. Kilichotupa ahueni ni kwamba kulikuwa na kazi iliyofanywa miaka ya nyuma: visima virefu vya Kigamboni. Vilizinduliwa Novemba hiyohiyo, vikiwa na uwezo wa lita milioni 70 kwa siku, na maji yake yakaingizwa kwenye mtandao. Mwezi huo pia ulisainiwa mkataba wa bwawa la Kidunda kule Morogoro, la kuhifadhi lita bilioni 190, mradi uliokuwa ukizungumzwa kwa miongo mingi. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha wazi kinachosaidia. Visima vile visingechimbwa wakati foleni za madumu zimeshapangwa. Vilisaidia kwa kuwa vilikuwa vimeshachimbwa.

Naomba pia tusifunge macho kwenye mafuriko na ukame tu. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka kwenye ghala la jeshi Mbagala. Tarehe 16 Februari 2011, usiku, yakalipuka Gongo la Mboto. Maelfu walikimbia na nguo za kulalia, watoto wakapotezana na wazazi, na wengi wakapelekwa Uwanja wa Uhuru. Desemba 2011 yakaja mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, na familia za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande, kwenye mahema. Hakuna aliyepanga kwamba siku fulani maelfu watalala uwanjani. Lakini ukitazama vizuri utaona mtindo. Watu wakikimbia, wanakimbilia kulekule: shule, uwanja wa mpira, msikiti, kanisa, ofisi ya mtaa. Hatuwezi kujua maafa yatatokea wapi. Tunajua watu watakwenda wapi. Maji yawasubiri huko.

Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Mwenzetu aliyenyolewa ni Beira, mji wa bandari kwenye bahari hiihii yetu, kule Msumbiji. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 kimbunga Idai kiliupiga. Umeme ukakatika, na pampu za maji zikasimama. Watu waliookoka upepo na maji wakabaki na visima vilivyoingiwa na maji machafu na madimbwi ya barabarani. Tarehe 27 Machi kipindupindu kikathibitishwa. Ni chini ya wiki mbili. Wagonjwa wakafika maelfu. Chanjo ya kipindupindu ilipelekwa haraka sana, na ilisaidia, lakini fikiria zile siku kumi na mbili kabla. Katika siku hizo hakuna meli ya msaada itakayomfikia kila mtu. Siku hizo ni za mtaa wenyewe.

Na tusidhani fedha peke yake inatosha. Kisiwa cha Puerto Rico, kilicho chini ya Marekani, kilipigwa na kimbunga Maria Septemba 2017. Mwaka mmoja baadaye zikasambaa picha za mamilioni ya chupa za maji ya kunywa zimepangwa kwenye njia ya zamani ya ndege, mahali paitwapo Ceiba, zinapigwa na jua. Maji yalinunuliwa. Yalisafirishwa. Yalifika kisiwani. Hayakunywewa na waliokuwa na kiu. Nchi tajiri kuliko zote ilikwama kwenye hatua ya mwisho, ile ya kutoka ghalani hadi mkononi mwa mtu, na hatua hiyo ndiyo sisi watu wa mitaa tunayoiweza kuliko mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye kazi.

Jiji hili limejaa visima. Kuna visima vya misikiti, vingi vikiwa sadaka ya mtu aliyetaka thawabu iendelee baada ya yeye kuondoka. Kuna visima vya parokia na vya makanisa mengine, vya shule, vya viwanda, vya hoteli, na vya watu binafsi waliochoka na mgao. Anayechimba kisima anatakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa hiyo orodha ya kuanzia ipo. Lakini orodha ya ofisini haiwezi kukuambia kama pampu inafanya kazi, kama kuna jenereta, na kama mwenye ufunguo anaishi hapo au yuko Mbezi. Hayo anayajua mjumbe wa shina.

Ninachopendekeza ni makubaliano yaliyoandikwa, ukurasa mmoja tu, kati ya mtaa na mwenye kisima. Mwenye kisima anakubali kwamba siku ya maafa atafungua maji kwa majirani, tuseme kwa siku saba, bila malipo au kwa bei iliyoandikwa humo. Mtaa nao unakubali kugharimia mafuta ya jenereta na kutengeneza pampu ikiharibika kwa matumizi hayo. Ufunguo unakuwa kwa watu wawili, majina na namba zao zimebandikwa ofisini. Msidharau jambo hili la ufunguo. Nimeona kisima kizuri, tangi limejaa, na watu mia wamesimama nje ya geti kwa sababu mlinzi hakuwa na ruhusa na bosi wake hapatikani kwenye simu. Mlinzi yule hakuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa amezungumza naye kabla.

Mashehe na wachungaji, nazungumza na nyinyi kwa namna ya pekee. Nyumba zenu zina visima, zina ua mpana, zina watu wanaoaminika, na zina kipaza sauti. Siku umeme umekatika na simu hazipatikani, sauti ya mnarani na kengele ya kanisa ndiyo itakayowafikia watu na habari kwamba maji yapo hapa, yametiwa dawa, njooni na madumu. Sijui kituo kingine cha dharura kilichokamilika kuliko hicho.

Turudi kwenye hesabu, maana ile ya mwanzo inatisha. Chukua mtaa wa watu 5,000. Lita 3 kwa kila mmoja ni lita 15,000 kwa siku. Hizo ni simtanki tatu za lita 5,000. Basi. Hesabu iliyotushinda kwa jiji zima inawezekana kabisa mtaani, kwa vitu vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Simtanki tatu zilizoinuliwa juu ya mnara, zinazojazwa na kisima kwa pampu ya umeme wa jua au jenereta, zinatoa maji kwa kuteremka tu hata giza likiingia. Zikijazwa mara tano kwa siku, kama kisima kina nguvu hiyo, tumefikia zile lita 15 kwa kila mtu. Kwenye mabomba ya kuchotea, kipimo kizuri ni bomba moja kwa watu wasiozidi 250, kusiwe mbali zaidi ya mita 500 kutoka nyumbani, na foleni isizidi nusu saa. Foleni ikirefuka, watu wanarudi kwenye kisima kichafu cha jirani, na mabinti wanaochota usiku wanakuwa hatarini. Taa pale bombani ni sehemu ya mpango wa maji kama lilivyo tangi.

Si kila kisima kinafaa, na hapa naomba tusidanganyane. Visima vilivyo karibu na bahari vingi vina chumvi, na kadiri tunavyovuta maji mengi ndivyo bahari inavyozidi kuingia chini ya ardhi. Maji ya chumvi hayatibiki kwa dawa ya maji wala kwa kuchemsha. Ukiyachemsha yanazidi kuwa ya chumvi, kwa kuwa maji ndiyo yanayoondoka kama mvuke. Hayo yawe ya kufulia na kusafishia vyoo. Visima vifupi katikati ya makazi yaliyobanana vina tatizo jingine: vyoo vya shimo. Kisima kifupi na shimo la choo vikiwa ndani ya ua mmoja, kinachozama upande huu kinaibukia upande ule. Ndiyo maana maji yapimwe sasa, jua likiwa bado linawaka. Maabara zipo. Kisima kilichopita kiwekewe alama ya kijani, cha kufulia tu kiwekewe alama nyingine, na kila mtoto wa mtaa azijue alama hizo.

Mvua ikianza, kila kitu kinabadilika, na mnajua ninachotaka kusema. Kuna watu wanasubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo. Anafungua shimo, kinyesi kinaondoka na mafuriko, anaona amejiokolea gharama ya gari la majitaka. Kinyesi kile kinaingia kwa nani? Wenyeviti, hili mlisimamie kwa ukali bila kuona aibu. Mwaka 2015 kipindupindu kilianzia hapa Dar es Salaam mwezi Agosti, mwezi ambao si wa masika, kikasambaa nchini hadi wagonjwa wakazidi 20,000. Kama mwezi mkavu ulitufanya vile, hatuna nafasi ya kuchezea mwezi wa mvua.

Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisinywewe, hata maji yakirudi kuwa meupe. Kwanza maji machafu yavutwe yatoke, kuta zisafishwe, kitiwe klorini na mtu anayejua vipimo, kiachwe usiku mzima, kivutwe tena mpaka harufu kali iishe, halafu kipimwe. Na bomba la mtaani nalo lina hila yake. Maji yakikatika, bomba linabaki tupu na linanyonya. Ile mipira inayopita ndani ya mitaro, yenye viraka vya mpira wa baiskeli, inavuta uchafu wa mtaro hadi ndani. Kwa hiyo maji ya kwanza yanapotoka baada ya kukatika, yamwageni au yapelekeni chooni. Msiyanywe.

Niseme kidogo namna ya kutibu maji nyumbani, maana hapa ndipo watu hupoteza maisha kwa kukosea jambo dogo. Kuchemsha ni njia nzuri: yakifika kutokota kabisa kwa dakika moja, yanatosha. Shida ni kwamba siku ya mafuriko mkaa umelowa na gesi imeelea. Hapo ndipo dawa ya maji inapookoa, ya vidonge au ya maji, zinazouzwa madukani kwa bei ya kawaida. Fuateni kipimo cha kwenye pakiti, kwa sababu kidonge cha aina moja ni cha lita chache na cha aina nyingine ni cha ndoo nzima. Asiye na dawa hiyo anaweza kutumia dawa ya kufulia nguo nyeupe, ile isiyo na manukato wala rangi. Ikiwa nguvu yake imeandikwa asilimia 5 hadi 6, ni matone mawili kwa lita moja ya maji maangavu. Ikiwa nguvu ni tofauti, muulizeni bwana afya wa kata kabla ya mvua. Kisha subirini nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo inayoua vimelea. Aliyetia dawa na kunywa papo hapo amekunywa dawa na vimelea pamoja.

Na maji yakiwa na tope, dawa inamalizikia kwenye tope. Yaacheni yatulie, yachujeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Bibi zetu walitumia shabu au mbegu za mlonge, na walikuwa sahihi: tope linashuka chini. Lakini kushuka kwa tope hakuui vimelea. Baada ya shabu, dawa bado inahitajika. Siku zenye jua kali kuna njia ya chupa za plastiki maangavu, zisizozidi lita mbili, zikilazwa juu ya bati saa sita. Hiyo ni ya ukame na mgao. Wingu la masika haliifai.

Nyumbani kwako, kabla ya masika, weka maji ya siku tatu. Nyumba ya watu sita, kwa lita 3 kila mmoja, ni lita 54. Ni madumu matatu ya lita 20. Mpangaji wa chumba kimoja anaweza kuyasogeza chini ya kitanda, au juu ya kabati kama nyumba iko bondeni, maana chini ya kitanda ndiko mafuriko yanakoanzia. Dumu liwe lililobeba mafuta ya kula au maji, likasafishwa kwa sabuni. Lililobeba petroli au kemikali za kiwandani lisiguse maji ya kunywa, hata ulisugue mara ngapi. Lifungwe kwa mfuniko, maji yamiminwe, mtu asitumbukize kopo. Yabadilishwe mara kwa mara. Ya zamani yafulie nguo. Wenye nyumba mnaofungia wapangaji bomba kwa kufuli, naomba siku za mvua mfungue mapema wajaze.

Sasa, vijana wa mikokoteni. Watu huwasema nyinyi kwamba mnapandisha bei. Mimi nasema nyinyi ndio mtandao wa maji wa Manzese, wa Tandale, wa Buguruni kwa Mnyamani, mahali boza haliingii. Mnajua kila kichochoro na kila ngazi. Mtaa ukikubaliana nanyi sasa, kwa maandishi, kwamba siku ya maafa mtachota kwenye visima vya alama ya kijani tu na kuuza kwa bei fulani, nao mtaa ukawapa kitambulisho na dawa ya kutia kwenye madumu, basi tuna jeshi la kugawa maji ambalo hakuna shirika linaloweza kulileta kwa ndege. Na malipo yenu yalindwe. Mtu anayesukuma kilo mia mbili za maji kwenye tope anastahili kula.

Kuna watu ambao hawataweza kufika bombani hata likiwa mita kumi. Mzee aliyepooza, mama aliyejifungua juzi, mwenye ulemavu wa miguu, mgonjwa anayeishi peke yake. Wajumbe wa mashina mnawajua kwa majina. Waandikeni, na kila mmoja awe na jirani aliyekubali kumpelekea ndoo. Zahanati nazo zisisahaulike. Mgonjwa aliyelazwa anahitaji lita 40 hadi 60 kwa siku kwa usafi na huduma zote, na anayesafishwa damu kwa mashine ya figo anahitaji zaidi ya lita 100 za maji yaliyosafishwa kwa kila kikao. Wodi ya wazazi bila maji ni mahali pa hatari. Kwa hiyo kwenye kila kata, kisima cha kwanza kabisa cha kuandikiana kiwe kile kilicho karibu na zahanati.

Kuhusu sheria nitasema sentensi mbili tu, maana wapo wanaosubiri waraka kutoka juu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi huku chini kwetu. Kamati yako ya mtaa ina uwezo wa kukaa kesho na kuanza na maji.

Mwisho, kazi ya leo. Pale ukutani kuna ramani za kata zetu zilizochapwa kwa ukubwa, na kwenye meza kuna kalamu za rangi mbili. Kila mwenyekiti aje na wajumbe wake na mwenye kisima yeyote wa mtaa wake. Bluu ni kisima kinachofanya kazi, nyekundu ni kile kilichosimama lakini kinaweza kutengenezwa. Kando ya kila alama andikeni vitu vitatu: nani ana ufunguo, pampu inatumia nini, na mafuriko ya mwisho yalifika hapo au hayakufika. Chupa za kuchukulia sampuli ziko kwenye boksi lile jeupe. Chukueni moja kwa kila kisima cha bluu, na kabla ya kuchota msikilizeni dada wa maabara aliye mlangoni, kwa sababu chupa ikishikwa vibaya mdomoni kipimo chote kinaharibika. Fomu za makubaliano nimezileta, ziko kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Tuanze na mitaa ya bondeni. Mwenyekiti wa kwanza, karibu.